Msitufungie Lango la Nyanjani: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Chuo Chetu

Kwa Naibu Chansela, wajumbe wa Baraza la Chuo na wajumbe wa Seneti.

KUH: KUSITISHWA KWA MASOMO YA NYANJANI NA KUONDOLEWA KWA VITU VYA STOO YA IDARA

Waheshimiwa,

Nimefundisha katika Idara ya Ikolojia ya Mandhari, fani inayochunguza jinsi ardhi, maji, viumbe na kazi za watu vinavyohusiana, kwa miaka kumi na minane. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa idara hiyo hiyo, na gambuti zangu za kwanza nilizinunua soko la Kibuye kwa pesa za mkopo wa masomo. Nayatanguliza haya ili mjue kwamba anayewaandikia si mpita njia. Nimekwisha kuandika mara mbili kwa njia ya kawaida, kupitia kwa mwenyekiti wa idara na mkuu wa kitivo, na sijapata jibu. Siku zinakwenda. Chumba ninachokizungumzia humu kitafunguliwa na wachukuzi mwisho wa mwezi, na wakishakifungua barua haitasaidia kitu.

Waraka uliotufikia mwanzoni mwa muhula ulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba safari zote za nyanjani za wanafunzi wa shahada ya kwanza zimesitishwa mpaka tutakapoarifiwa vinginevyo, na wahadhiri wazifidie kwa mazoezi ya picha za setilaiti katika maabara ya kompyuta. La pili liliandikwa chini kabisa kwa sentensi moja: vitu vilivyomo katika stoo ya idara vitaondolewa ili chumba kitumike kwa mihadhara. Pengine aliyeuandika waraka aliona hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Kwangu mimi ni jambo moja.

Muhula uliopita niliketi kwenye jopo la kusikiliza miradi ya wanafunzi wa mwaka wa nne. Kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wengi, alituonyesha ramani mbili za eneo moja la Vihiga, moja ya 1995 na nyingine ya juzi juzi. Alizitengeneza mwenyewe kutokana na picha za setilaiti za Landsat, na kazi yake ya kompyuta ilikuwa safi kabisa. Kijani kilikuwa kimeongezeka. Akahitimisha kwamba msitu unarudi. Nikamwuliza ni miti gani hiyo. Akaitazama ramani yake, akanitazama mimi. Nikamwuliza kama amewahi kufika pale. Akasema huwa anapita Mbale na Chavakali kwa matatu akienda kwao.

Kijani kile, kwa sehemu kubwa, kilikuwa mikaratusi. Kwingine kilikuwa majani chai. Mkulima wa Vihiga hupanda mikaratusi kwa sababu inakua upesi, haimsumbui kwa palizi, na siku ya karo ikifika ataiuza iwe nguzo au kuni. Simlaumu hata kidogo. Lakini chini ya mikaratusi hakuna vichaka, ndege wa msituni hawashuki humo kutafuta chakula, na mama anayeteka maji kwenye chemchemi ya bondeni atakueleza bila kusita ni mwaka gani maji yalianza kupungua. Yote hayo kijana yule angeyajua kwa kusimama pale nusu saa. Nilimpa alama zake, kwa kuwa alifanya vizuri kila alichofundishwa. Asichofundishwa ni deni letu sisi.

Msilione hilo kuwa jambo dogo la darasani. Nchi imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tathmini ya taifa ya misitu ya 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83. Katikati ya namba hizo mbili ndipo lilipo swali nililomwuliza kijana yule: ni miti gani, imepandwa wapi, na imekuwa makao ya nani? Atakayeajiriwa na kaunti kwenda kuihesabu miti hiyo, aseme pale imeshika na pale imekufa, atatoka katika madarasa kama yetu. Tukimfunza kuhesabu kijani tu, atakuja kuhesabu kijani.

Tafadhali msinisome kama mtu anayeikimbia kompyuta. Somo la picha za setilaiti nalifundisha mimi. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972, kwa hiyo tunayo kumbukumbu ya zaidi ya nusu karne ya ardhi yetu ikitazamwa kutoka juu. Mwaka 2008 hazina yote ya picha hizo ilifunguliwa bure, na mtafiti wa Kisumu akapata kwa siku moja kile ambacho hapo awali alikisikia tu kwa wenye fedha. Tangu 2015 tuna setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinazotuonyesha vipande vya mita 10 kwa 10. Nazipenda. Nimekesha nazo.

Lakini fanyeni hesabu hii pamoja nami. Pikseli moja ya Landsat, yaani kidoa kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Robo ekari ni zaidi kidogo ya mita za mraba 1,000. Sasa nendeni Emuhaya au Luanda, mahali ambapo ndugu watatu wamegawana shamba la marehemu baba yao, mkasimame katika robo ekari ya mmoja wao. Hapo pana nyumba ya mabati. Nyuma ya jiko pana migomba. Pana mstari wa majani ya nepia ya ng'ombe mmoja wa maziwa, mahindi yaliyopandwa pamoja na maharagwe, parachichi mbili, kaburi la babu, na ua wa miti uliopandwa na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka tena. Vyote hivyo setilaiti inavichanganya na kuvipa rangi moja. Mwezi wa Aprili rangi hiyo ni tofauti na ya Januari, na mvua ikichelewa ni tofauti tena. Rangi hiyo maana yake nini? Haijulikani mpaka mtu aende, aangalie, aulize, aandike, kisha arudi kuifundisha kompyuta. Sisi tunaita kuhakiki ardhini. Waraka umetuachia kompyuta na kumzuia mtu wa kuifundisha.

Hata asili ya fani yetu inashuhudia hivyo. Jina lake lilibuniwa mwaka 1939 na mwanajiografia Mjerumani, Carl Troll, na alilibuni akiwa anatafakari picha zilizopigwa kutoka ndegeni, ambazo zilimwonyesha kwa mara moja jinsi udongo, maji, miti na kazi za watu vinavyoshikana. Mtu angeweza kusema: basi, hata mwanzilishi alitazama picha tu. Hapana. Kabla ya kuandika alikuwa amezunguka milima ya Andes kwa miaka, na mwaka 1933 na 1934 alikuwa katika bara letu, Afrika Mashariki na Kusini. Alipoitazama picha aliona mahali alipowahi kupita. Wanafunzi wetu tunawapa picha za mahali wasipopajua, ijapokuwa pengine ni kilomita kumi kutoka bwenini.

Mimi maana ya mandhari niliijua katika kinamasi cha Yala. Ni kinamasi cha takribani hekta 17,500 kati ya Siaya na Busia, na kutoka juu kinaonekana kama zulia la kijani lenye madoa machache ya maji. Nilikuwa mwaka wa pili. Fundi wetu wa maabara, mzee wa Alego ambaye sote tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, ingawa cheo chake katika orodha ya mishahara hakikuwa hicho, alituingiza kwa mtumbwi hadi katikati ya mafunjo, akaturuhusu kuzungumza kwa muda, kisha akatunyamazisha. Tukaanza kusikia. Wako ndege ambao makao yao ni mafunjo na si kwingine; ukiyakata mafunjo hawana pa kuhamia. Halafu akachukua fimbo ndefu akaizamisha kando ya mtumbwi. Ikaenda, ikaenda, haikugusa chini. Mafunjo tuliyodhani yameota ardhini yalikuwa yanaelea juu ya mkeka wa mizizi, na chini yake kulikuwa na maji meusi yenye hewa kidogo sana.

Hapo akatueleza habari ya samaki wawili, mbuta na ngege, na baadaye nilipoisoma vitabuni niliikuta kama alivyoisema. Mbuta alipoletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita na kuenea kwa kasi miaka ya 1980, samaki wengi wa asili walipotea. Ngege wa asili karibu aishe kabisa katika ziwa kuu. Lakini mbuta hawezi kuvumilia maji yenye hewa haba, na mafunjo yakawa boma asiloweza kulivuka. Nyuma ya boma hilo, katika Ziwa Kanyaboli lililo ndani ya kinamasi, ngege angalipo. Njiani kurudi tuliona nyayo za nzohe, swala wa kinamasini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame. Maneno niliyokuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani, kiraka, ushoroba, ukingo, yalibadilika siku ile. Ukingo ulikuwa mahali pale ambapo mafunjo yanakutana na shamba la mahindi na mama mmoja anakausha matete ya mikeka. Ushoroba ulikuwa njia ya nzohe.

Nawaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu ya jambo hili: mafunjo yakikatwa huchipua na kurefuka upya baada ya miezi michache. Picha ya Januari na picha ya Oktoba zinaweza kuwa sawasawa kabisa, ilhali kati yake wafumaji wamevuna, moto umepita, na mtu amechimba mtaro wa upana wa hatua moja kuyatoa maji. Mtaro huo setilaiti haiuoni. Matokeo yake itayaona, baada ya miaka, wakati ambapo hakuna la kufanya. Serikali ilianza kukausha sehemu ya kinamasi hicho miaka ya 1960. Wawekezaji wamekuja na kuondoka. Mabishano juu ya ardhi ile hayajaisha. Kila yanapofufuka, pande zote hutafuta mtu wa kuwaambia mafunjo yalikuwa yanafika wapi mwaka fulani. Mtu huyo anapaswa kutoka kwetu.

Najua kwamba sababu kubwa ya waraka ni usalama, na sitaki kuipita juu juu. Ajali za mabasi ya wanafunzi zilizotokea nchini mwaka 2023 na 2024 zilituumiza sote. Mimi pia ni mzazi, na nina binti aliye chuoni. Hakuna picha ya ndege wala kipimo cha udongo kinachostahili uhai wa mtoto wa mtu. Lakini tazameni safari zetu zilivyo. Hatuendi Pwani, hatusafiri usiku. Msitu wa Kakamega ni mwendo wa asubuhi. Uwanda wa Kano, unaoweza kuuona ukisimama kwenye vilima vya Nandi, uko mlangoni kwetu. Kinamasi cha Dunga ni mwendo wa bodaboda kutoka katikati ya mji. Wekeni masharti makali mpendavyo: basi likaguliwe, dereva awe amelala, kila mtu awe amerudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, na katika mtumbwi asikae mtu bila jaketi la kuokolea. Tutayatimiza na kuyatia sahihi. Tunachoomba ni masharti, maana marufuku haimfunzi mtu namna ya kusafiri salama, na wahitimu wetu wakishaajiriwa watakwenda huko huko, safari hii wakiwa peke yao na bila mtu wa kuwaonyesha pa kukanyaga.

Juu ya fedha nitasema machache, kwa kuwa mnazijua kuliko mimi. Kozi yetu ya nyanjani ilikuwa ya siku kumi nilipokuwa mwanafunzi. Ikawa tano, ikawa mbili, ikawa siku moja, ndipo ikafutwa. Masurufu ya safari huidhinishwa mvua zikiwa zimekwisha, na kile tulichotaka kukiona kimeshakauka. Mgomo wa wahadhiri wa 2025, ambao ulidumu siku 49, ulibana muhula, na kilichokatwa kwanza kilikuwa nyanjani kwa sababu hakina karatasi ya mtihani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa. Daini haki hiyo kwa niaba yetu, nasi tutasimama nyuma yenu. Lakini dizeli ya kwenda Dunga haingoji asilimia mbili.

Kinachonitia hofu zaidi ni aina ya watafiti tunaogeuka kuwa. Kupandishwa cheo kunahesabu makala. Hakuna safu katika fomu ya kuandika siku ulizokaa matopeni, wala idadi ya wanafunzi uliowafunza kutambua mti kwa gamba lake. Basi mhadhiri mwenye madarasa manne, rundo la mitihani ya kusahihisha na tasnifu sita za kusimamia hufanya linalowezekana: hupakua picha, huandika makala juu ya ardhi asiyoikanyaga, na mwaka unapita. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara mbili. Makala hizo ni sahihi na hazina kosa, wala sioni fahari nazo. Mtu aliye Bonn au Wageningen, huko Ulaya, anaweza kuziandika kwa haraka zaidi, kwa kompyuta bora na umeme usiokatika. Tulicho nacho sisi, ambacho yeye hana, ni kwamba tuko hapa. Tunajua lugha za watu, Kiluo, Kiluhya, Kinandi. Tunajua mvua ya jioni inavyoanzia ziwani. Tukikiacha hicho, sijui tutabaki na nini cha kumwambia mtu.

Kakamega nimeitaja, nirudi huko kidogo. Msitu ule, takribani kilomita za mraba 240 zilizotengwa kisheria, ndio mabaki ya mwisho nchini ya msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo. Upande wa kaskazini, Buyangu, unalindwa na Shirika la Wanyamapori. Kusini, Isecheno, na Huduma ya Misitu. Na vipande kama Kisere na Malava vimesimama mbali, vimezungukwa na miwa na mahindi. Katika mradi wa utafiti wa BIOTA, kuanzia 2001 hadi 2010, Wajerumani na Wakenya walifanya kazi pamoja humo, kazi nzuri ninayoiheshimu na kuifundisha. Moja ya mambo yaliyonifungua macho kutokana na tafiti za msitu ule ni habari ya mpera. Mpera si mti wa asili ya Afrika, ulitoka Amerika, na kwenye ramani hauna hadhi yoyote. Lakini mpera ulio peke yake shambani huvuta ndege wanaokula matunda, nao huangusha chini yake mbegu walizozitoa msituni, na kivuli chake huzilea. Mti ambao mpima ardhi angeuruka ndio unaounganisha kiraka na kiraka. Hakuna aliyeligundua hilo kwa kutazama skrini. Walitega mitego ya mbegu chini ya mipera, wakazihesabu, wakarudi tena wakazihesabu.

Na kuna deni jingine, ambalo waraka haukulitaja wala sisi wenyewe hatulitaji mara nyingi. Bonde la Nyando limefanyiwa utafiti hadi wenyeji wamechoka. Udongo wa miinuko umesombwa mpaka ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria ikawa ya kahawia. Makorongo ya Katuk Odeyo yamemeza mashamba. Watafiti wamepima kila kitu hapo. Mama mmoja wa Nyakach alinipokea kwa chai, akajibu maswali yangu yote kwa subira, kisha akaniambia kwamba mimi ni wa sita kumwuliza korongo lilikuwa wapi alipoolewa, na katika hao hakuna aliyewahi kurudi kumwambia alichokiona. Nilirudi. Ilinichukua mwaka mzima, na nilikwenda kwa nauli yangu, nikiwa na ramani kubwa iliyochapishwa Kisumu mjini, tukaitandika kwenye baraza la chifu. Wazee waliirekebisha mahali pawili, na mahali pote pawili walikuwa sahihi. Tukizuia safari za wanafunzi, tunazuia pia safari hii ya kurudi, na ya kurudi ndiyo niliyokuwa nikitamani kizazi hiki kiizoee kuliko sisi.

Sasa stoo.

Wachukuzi wakifungua mlango watakuta vibao vya kukaushia majani, kekee ya udongo iliyovunjika mpini, kamba za kupimia zilizokatika, na gambuti za namba zote. Hivyo vyaweza kwenda, isipokuwa gambuti. Lakini kwenye rafu ya nyuma, kuanzia dirishani hadi pembeni, kuna makasha kumi na saba ya madaftari. Ni madaftari ya nyanjani ya idara hii tangu ianzishwe. Ndani yake mna tarehe, mahali, urefu wa mafunjo, kina cha maji, majina ya miti kwa Kilatini na kwa Kiluo na Kiluhya, na jina la kila mwanafunzi aliyeshika kamba siku hiyo. Mengi yameandikwa kwa mkono wa Japuonj, mwandiko mdogo ulioinama, kwa penseli, kwa kuwa alisema wino huogopa maji. Alistaafu bila kupewa mrithi. Amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko wakati wowote lililopata kupimwa, likapita hata kiwango cha 1964. Vigingi vyetu vya kupimia vya Dunga vilimezwa. Matete na mafunjo ya ukingoni yalifunikwa, mengine yakang'oka yakaelea. Ile picha ya setilaiti ya sasa inaonyesha maji. Inaweza kukuonyesha pia kwamba 2015 palikuwa na kijani. Lakini kijani gani, kirefu kiasi gani, kilisimama katika maji ya kina gani, na nani alikuwa akivua kamongo humo, hayo yamo katika kasha la kumi na moja na hayamo mahali pengine popote duniani. Siku maji yatakapopungua, na mtu akauliza kinamasi kirudishwe kilivyokuwa, kasha hilo ndilo jibu. Nimeyaona madaftari mengine yakichukuliwa na wenye vibanda vya njugu karanga, katika taasisi nyingine, miaka iliyopita. Karatasi nzuri, isiyochorwa upande mmoja, hufungia njugu vizuri.

Ninachowaomba, basi. Kazi ya kuondoa vitu vya stoo isimame kwa muhula mmoja. Katika muda huo wanafunzi wa uzamili, ambao tayari wameniandikia majina yao, watayapiga picha madaftari yote ukurasa kwa ukurasa. Tunahitaji mashine moja ya skana, chumba chenye umeme wa kutegemewa na diski mbili za kuhifadhia, moja ikae maktaba kuu. Baadaye chukueni chumba. Madaftari yenyewe yapewe rafu maktabani, penye hewa, na si sakafuni. Marufuku ya safari iondolewe kwa maeneo ya karibu kwanza, Dunga na Kano, chini ya masharti niliyoyataja, ili kikundi cha mwaka wa pili kisipite bila kulowa miguu. Nafasi ya fundi wa maabara itangazwe. Na fomu ya kupandishwa cheo iongezewe safu moja, ya kazi iliyorudishwa kwa wenyeji; sitajali ikipewa alama chache kiasi gani, mradi iwepo.

Kijana wa ramani za Vihiga alikuja ofisini kwangu wiki mbili baada ya kikao. Alikuwa ameshuka kutoka matatu pale Mbale, akatembea hadi kwenye kijani chake. Aliniletea majani matano ya miti ndani ya kitabu cha hesabu, akataka tuyatambue pamoja. Matatu yalikuwa mikaratusi. La nne lilikuwa la mpera. La tano halikuwa jambo la kukisia. Nilimwambia tukalilinganishe na majani yaliyokaushwa zamani, na tukashuka naye stoo.

Ufunguo wa stoo ninao mimi. Wachukuzi wanakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Siku yoyote kabla ya hapo, asubuhi au jioni, mkitaka kuyaona makasha hayo, niiteni, nitakuja kuwafungulia.

Wenu mwaminifu,

Mhadhiri, Idara ya Ikolojia ya Mandhari
Kisumu